*Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Kidole Nacho Kifunge*



Ndugu zangu, tuliokua zamani kidogo tunakumbuka mtaa mzima ulivyokuwa ukizunguka redio ya mzee mmoja kusubiri tangazo la mwezi. Mmoja anatangaza, sisi tunasikiliza. Leo kila mwenye simu ana redio na gazeti lake mfukoni, na hana mhariri wa kumwambia "subiri kwanza".

Nawapa kisa changu mwenyewe. Ramadhani iliyopita, wakati wa daku, nilitumiwa picha ya tende zenye wadudu. Chini limeandikwa jina la duka la hapa mtaani. Nikasema ngoja niwaokoe watu. Nikairusha kwenye magrupu matatu, nikaenda zangu kuswali Alfajiri, roho nyeupe kabisa.

Siku ya tatu mwenye duka akanisubiri baada ya Tarawehe. Hakunigombeza. Akanionyesha kuwa ile picha ni ya miaka mingi nyuma; tende si zake, duka si lake. Akasema, "Sheikh, watu wameamini kwa sababu imetoka kwako."

Nilimuomba radhi, nikasahihisha kwenye magrupu yale yale. Lakini picha ilishafika nisikokujua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Allah katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Majuto hayo mimi nimeyaonja.

Tena tukumbuke uzushi aliozushiwa Mama yetu Aisha (r.a.). Ulizunguka Madina karibu mwezi mzima, na simu hazikuwepo. Walioanzisha walikuwa wanafiki, lakini hata baadhi ya waumini waliupokea na kuupitisha. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) na mkewe walifanya nini? Walijipima wao kwanza: mimi ningeweza kufanya jambo hili? Hapana. Basi yeye ni bora kuliko mimi. Habari ikaishia mlangoni kwao.

Ndugu yangu, kabla hujabonyeza kutuma, jiulize:
1. Nani kasema, na nina uhakika gani?
2. Angekuwa mama yangu ndiye anayetajwa, ningeisambaza?
3. Ina faida gani kwa anayeipokea?

Ukikosa jibu, ifute. Iishie mlangoni kwako.

Na kama ulishatuma, usione haya kurudi. Haki ya mja haifutwi na tarawehe wala khitma. Ni yeye mwenyewe akusamehe. Mtafute kabla ya Idi. Isije ikawa tumbo limefunga, kidole kinakula nyama ya ndugu yako.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, utusamehe tuliyoyasambaza bila kujua, na uzitakabali swaumu zetu. Aamin.

Tukutane Ishaa, inshaallah.