Mtoto Mmoja Akiugua, Nyumba Nzima Inaugua



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, Surat Yusuf inatupa habari za mtoto aliyetengwa na baba yake, lakini msiba ule haukuwa wa mtoto peke yake. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Na kabla ya hapo, kaka zake Yusuf waliona baba anampenda yeye kuliko wao, na wivu ukawapeleka pabaya. Nyumba nzima ilitikisika.

Kwa mafunzo hayo, natamani tuzitazame nyumba za hapa kwetu Bujumbura ambamo mtoto anaugua kifua kikuu sugu.

Kinaitwa sugu kwa sababu vijidudu vyake haviuawi na rifampisini na isoniazidi, dawa mbili kubwa za kifua kikuu cha kawaida. Mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa na mtu mzima wa karibu. Hapo unaanza mtihani wa kwanza: nani kamletea? Bibi anamtazama baba, baba anamtazama mjomba. Wote wanatakiwa wapimwe, na kila anayekohoa anaogopwa.

Mtihani wa pili ni wa wazazi. Matibabu huchukua miezi mingi, vidonge ni vichungu, mtoto hutapika. Mama akipanda naye Kibumbu, kwenye milima ya Mwaro, ambako wagonjwa wa aina hii hutibiwa, meza yake sokoni inabaki tupu na watoto wengine wanaachwa kwa jirani. Dawa ni bure, lakini nauli, chakula na siku za kazi zinazopotea ni juu ya familia. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba gharama zimeiangamiza nyumba zikipita asilimia 20 ya kipato cha mwaka. Kwa anayeishi kwa kibarua, asilimia hiyo inafika upesi.

Mtihani wa tatu hatuuoni: ndugu zake mgonjwa. Yai ni la mgonjwa, maziwa ni ya mgonjwa, mazungumzo yote ni ya mgonjwa. Shuleni wanakwepwa. Mtoto wa miaka minane hajui kusema kwamba ameumia. Anakuwa mkaidi tu, naye anachapwa. Tuwakumbuke kaka zake Yusuf.

Mama mmoja wa Buyenzi aliniambia kwamba kinachomuumiza zaidi ni viatu mlangoni. Zamani vilijaa vya wageni, sasa ni vya watu wa nyumba tu.

Ndugu zangu, subira si kukaa kimya. Yaaqub alisubiri subira njema, na bado aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf, akawakataza kukata tamaa. Mtume (s.a.w.) naye ametuhimiza kujitibu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa za bedakwilini na delamanidi kwa watoto wa umri wote, na zile sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa bila kusikia zinaachwa. Basi anayemwambia mama aache vidonge atosheke na kombe, anamdhulumu mtoto. Dua ni haki yake, na vidonge ni haki yake.

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Mtume aliyetufundisha hilo ndiye aliyekataza kuingia katika nchi yenye tauni, kwa hiyo tahadhari haipingani na imani. Waulizeni wauguzi, vaeni barakoa, ketini uani penye upepo. Lakini nendeni. Jumamosi wafundisheni masomo wale wadogo. Changeni nauli ya mama. Mkumbusheni imamu kwamba nyumba iliyofukarika kwa maradhi ina fungu katika zaka. Na suala la nani aliyeleta ugonjwa, tulifungie midomo.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu, wape wazazi wao nguvu, na utujaalie tuwe faraja kwa majirani zetu. Amin.