Nani Alikaza Skrubu?

Jumatatu alfajiri nilishuka kuongeza makaa ya mawe nikakuta ufa umekatiza kioo cha mlango wa jiko, kuanzia skrubu ya juu hadi katikati. Wapendwa, baadhi yenu hapa Scranton mmepanga nyumba za zamani kama yangu, zenye majiko haya ya chuma, kwa maana mji huu ulikua kwa antrasaiti, makaa ya mawe magumu, meusi ya kung'aa. Hayatoi moshi kama makala, yale makaa ya miti tuliyopikia Bukavu na Uvira. Mwali wa antrasaiti ni mdogo, wa buluu, mtulivu, na hapo ndipo yanapodanganya, kwa sababu sumu yake haina harufu. Wengi wetu tumewahi kusikia habari ya mtu aliyelala na jiko la makala chumbani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, asiamke tena.

Kwa hiyo niliuacha moto ufe. Ulichukua karibu siku nzima. Sikumwaga maji, maana maji juu ya chuma cha moto huvunja na kilichosalia. Nilibonyeza kengele ya sumu ya hewa nikahakikisha inalia, tukawasha hita ya umeme, watoto wakalala na makoti. Nawasihi, ukiona ufa kama huo usiongeze makaa hata koleo moja.

Mke wangu alinikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikatafuta gundi. Hakuna gundi inayostahimili mahali pale. Methali ile ni ya ukuta wa udongo, na kwa ukuta inasema kweli. Kioo cha jiko hakizibwi, hubadilishwa.

Fundi, mzee aliyezaliwa hapa hapa, aliutazama ufa akaniuliza swali moja: nani alikaza skrubu? Ni mimi. Mwezi wa kumi nilibadilisha gasketi, ile kamba nyeupe inayozunguka kioo, nikakaza mpaka bisibisi ikagoma. Nilidhani nalinda nyumba.

Akanieleza kwamba kioo hiki si ndugu wa kioo cha dirisha. Ni cha keramiki. Mwaka 1953, katika mji wa Corning, jimbo la New York, mtaalamu Donald Stookey aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri akikusudia nyuzi 600. Tanuri likaharibika, likapanda mpaka 900. Alitarajia kukuta uji. Akakuta kipande kigumu, na kilipomponyoka kikaanguka sakafuni bila kuvunjika. Kioo cha mlango wangu ni cha ukoo huo. Kikipata moto hakitanuki kiasi cha kuonekana, lakini chuma kinachokishika hutanuka na kusinyaa kila siku. Kisipoachiwa nafasi ya kupumua, milimita mbili tatu tu, chuma hukibana mpaka kipasuke. Moto ule kinauweza kabisa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimfikiria kijana wetu wa kwanza. Tangu tufike nchi hii nimekuwa nikiogopa kwamba Marekani itampasua. Nikamnyang'anya simu, nikamkataza marafiki, nikampangia kwaya, masomo, na saa ya kulala. Akanyamaza. Mwaka mzima ananijibu "ndiyo, papa" bila kuinua macho, nami nikalaumu shule, nikalaumu mtaa, kama nilivyoulaumu moto.

Someni Wakolosai 3:21. Paulo aliandika katika dunia yenye vishawishi vya kila namna, na angeweza kuwaonya akina baba juu ya masoko na mahekalu ya mji. Anawaonya juu ya mikono yao wenyewe: wasiwasumbue watoto mpaka wakate tamaa. Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nawatazama ninyi.

Alhamisi kioo kipya kilifika, cha milimita tano, pamoja na gasketi mpya. Nilimwita kijana anishikie. Nilizungusha skrubu kwa vidole, moja juu, ya pili ng'ambo yake chini, zikishika kidogo kidogo kwa zamu. Mkono wangu ukaifuata bisibisi.

"Inatosha, papa," akasema.

Nikaiweka chini. Kisha nikamuuliza yule rafiki anayecheza naye mpira anaitwa nani.