Mimi wa Kweli ni Yupi?



Katika Kilatini neno «ego» maana yake ni «mimi» tu. Si neno baya. Mungu amemwumba kila mtu kwa jina lake, naye ataka aitike: «Mimi hapa». Lakini siku hizi neno hilo latumika kutaja jambo jingine, yaani umimi: ile sura tunayoijenga mbele ya macho ya wenzetu, tukaitunza na kuilinda, mpaka tunaisadiki wenyewe. Basi, tutaitofautishaje sura hiyo na nafsi yetu ya kweli?

Katika nchi yetu ya Kongo swali hili si la vitabu tu. Mara mbili wakubwa wa nchi walijaribu kulijibu kwa niaba yetu.

Mara ya kwanza ni wakati wa Wabeleji. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya raia, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi kwa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika kabisa. Aliyeomba heshima hiyo alichunguzwa masomo yake, mwenendo wake, hata nyumba yake. Waliopata walikuwa wachache. Hatuwacheki, wengi walitafuta haki ambazo walikuwa wamenyimwa bure. Lakini tuone hatari iliyojificha humo: mtu alifundishwa kujitazama kwa macho ya mkaguzi. Kula mezani kwa kisu na uma si dhambi, wala si fadhila. Bali ikiwa mke huketishwa mezani siku ya mkaguzi, na siku nyingine hula jikoni peke yake, meza hiyo yasema uwongo.

Mara ya pili mambo yaligeuka. Tarehe 27 Oktoba 1971 Prezidenti Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, na mwaka 1972 watu waliamriwa kuacha majina ya kigeni, hata yale ya ubatizo, wachukue majina ya mababu. Suti na tai vikaachwa, ikavaliwa abakosti. Siasa hiyo iliitwa kwa Kifaransa «authenticité», maana yake kuwa mtu halisi, asiyeiga wengine. Neno lenyewe ni zuri, na kulipenda jina la babu ni haki. Kardinali Malula wa Kinshasa alitamani sana Eklezia iliyo ya Kiafrika kweli. Tena ile Misa ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yatokana kwa sehemu kubwa na bidii yake. Hata hivyo alipingana na serikali juu ya amri zile, na mwaka 1972 ilimlazimu kukaa Roma kwa miezi kadhaa.

Mwaka 1997 nchi ilirudia jina la Kongo. Je, mwizi aliyebadili jina aliacha kuiba? Kumbe, kadi na abakosti ni ndugu. Moja yasema: uwe kama Mzungu, ndipo utakuwa mtu. Nyingine yasema: uwe kama mababu, ndipo utakuwa mtu. Zote mbili zaanzia nje, na umimi hukaa raha mustarehe katika nguo yoyote.

Mwingine atajibu: «Lakini Mwenye heri Isidori Bakanja alikufa kwa ajili ya nguo». Jibu hilo lafaa lipimwe. Bakanja alikuwa kijana wa Ekwateri, msaidizi wa waashi, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria. Baadaye, katika shamba alikofanya kazi, Mzungu mmoja wa kampani alimwamuru aivue. Alipokataa, alipigwa fimbo kikatili. Vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemtesa, akaahidi kumwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Tofauti ni nini? Kadi na abakosti vilimpatia mtu heshima mbele ya wakubwa. Skapulari haikumpatia Bakanja kitu mbele yao, ila mapigo. Kitu kikituletea sifa, ni vigumu kujua kama twakipenda chenyewe au twapenda sifa. Kikitugharimu, nasi hatukiachi, hapo mtu aanza kuonekana.

Hata hivyo alama hiyo moja haitoshi, maana mwenye kiburi naye aweza kuvumilia mengi ili tu asishindwe. Ndiyo sababu tutazame alama ya pili, yaani msamaha. Umimi hausamehi, kwa kuwa ukivunjiwa heshima haubaki na kitu. Lakini anayejua kwamba apendwa na Mungu aweza kupoteza heshima yake pasipo kupotea mwenyewe.

Sasa tutazame parokia zetu. Mwimbaji aacha kwaya kwa sababu mwingine amechaguliwa kuiongoza. Tajiri hatoi sadaka ikiwa jina lake halitasomwa. Nasi wakatekista tuna hatari yetu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwalimu akisifiwa mno huanza kujihubiri mwenyewe. Yoane Mbatizaji alipoulizwa yeye ni nani, watu walikuwa tayari kumpa cheo kikubwa. Yeye alikana kwanza kwamba si Kristu.

Dawa yake si kujidharau mbele za watu, maana hata unyenyekevu waweza kuwa vazi. Dawa ni mazoezi madogo. Jioni, tunapotafuta dhambi zetu, tujiulize: Leo nimetenda nini ambacho ningalikitenda hata kama hakuna aliyeniona? Nilipokasirika, kilichoumizwa kilikuwa haki, au sura yangu tu? Ikiwa ni haki, tuitetee bila woga. Ikiwa ni sura, tuiache iumie. Tena juma hili tutende tendo moja jema kwa siri, tusilisimulie hata kwa rafiki.

Mtoto aletwapo kubatizwa, padri huuliza kwanza jina lake. Haulizi cheo, wala kadi, wala nguo. Kwa jina hilo Mungu atatuita siku ya mwisho. Tujizoeze tangu leo kuitika.