Kurudi Katika Mji Uliochakaa: Fundisho juu ya Amri ya Nne

Mwenyezi Mungu alitoa amri kumi. Tatu za kwanza zaonyesha wajibu wa mtu kwa Mungu. Saba zinazofuata zaonyesha wajibu wake kwa wenzake. Na katika hizo saba, iliyotangulia ni ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mkatekumeni huishika upesi kwa kinywa, maana ni fupi, tena hata wazee wa kale walioishi kabla ya dini kufika waliijua. Kuitimiza ni rahisi siku ambazo baba ana nguvu na ghala imejaa. Lakini siku baba amezeeka, nyumba imeinama, na mahali alipolelewa mtoto pamekuwa magofu, hapo ndipo hujulikana kama amri imeingia moyoni ama imekaa midomoni tu.

I. Nehemia alivyorudi

Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za mtu mmoja aitwaye Nehemia. Huyu alikuwa Myahudi, lakini alikaa mbali na nchi ya wazee wake, katika jumba la mfalme wa Waajemi. Kazi yake ilikuwa kumpa mfalme kikombe cha divai. Alikula vizuri, alivaa vizuri, hakukosa kitu. Siku moja, yapata mwaka 445 kabla ya kuzaliwa Kristu, ndugu zake wakamletea habari za Yeruzalemu: kuta zimebomoka, malango yameteketezwa, watu waliobaki wamo katika taabu na aibu.

Nehemia angaliweza kusema: Mji ule si wangu tena. Wala hakusema: Walio kule ni wavivu, ndiyo maana kuta zao zimelala chini. Aliketi, akalia, akafunga chakula, akamwomba Mungu. Na katika sala yake hakuhesabu dhambi za wengine. Aliungama dhambi zake mwenyewe na za jamaa ya baba yake. Kisha akamwomba mfalme ruhusa ya kwenda katika mji yalimo makaburi ya wazee wake.

Alipofika hakutoa hotuba. Alikaa siku tatu, akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka mji na kuzitazama kuta. Mahali pengine magofu yalizidi hata mnyama aliyempanda akakosa njia ya kupita. Baada ya kuona kwa macho yake, ndipo alipowaambia watu: Tujenge. Wakajenga, wengi wao kila mtu mbele ya nyumba yake. Wafua dhahabu walijenga, watengenezaji wa manukato walijenga, hata mtu mmoja alijenga pamoja na binti zake. Kazi ikaisha kwa siku 52.

Basi mpango ni huu: kulia, kuungama, kutazama kwa utulivu, na mwisho kushika jiwe lililo mbele ya nyumba yako. Atakayeugeuza mpango huo, akaanza kwa kusema na kulaumu, hatajenga kitu.

II. Mji uliomwita mgodi baba yake

Katika nchi ya Katanga, kilometa 30 hivi toka Lubumbashi, karibu na mpaka wa Zambia, upo mji wa Kipushi. Mgodi wake ulianza kuchimbwa mwaka 1924, wakati wa kampani iliyoitwa Union Minière. Humo walitoa shaba na zinki. Watu wakatoka pande nyingi, wakajengewa nyumba katika kambi za wafanyakazi. Kampani ilitoa nyumba, ilitoa posho ya unga, ilikuwa na hospitali na shule. King'ora kilipolia watu waliamka. Kilipolia tena walirudi. Ikawa desturi ya wafanyakazi wa Katanga kusema kwamba Kampani ndiyo baba, Kampani ndiyo mama.

Mwaka 1967 Serikali iliitwaa kampani hiyo, ambayo baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Kwa miaka mingi watu walidhani baba huyo hawezi kufa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 470,000 hivi za shaba. Lakini mashine zilichakaa bila kubadilishwa, fedha zilitumiwa kwa mambo mengine, na mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka ndani ya ardhi. Mwaka 2003 shaba yote ya Gécamines haikufika tani 20,000. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara. Na katika miaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo za kuagana, wakarudi nyumbani. Kule Kipushi mgodi ulikwisha kusimama tangu mwaka 1993.

Hata hivyo, jambo moja halikusimama. Katika shimo refu la namna ile maji hutoka mwambani usiku na mchana. Yasipovutwa juu, hupanda polepole, yakafunika mashine na njia zote za chini. Kwa hiyo, hata baada ya mwaka 1993, walibaki watu waliolinda pampu. Hawakutoa shaba tena, wala hakuna aliyewasifu. Walivuta maji tu, ili shimo lisife. Hivyo kwa miaka 18, hata mwaka 2011, pampu kubwa iliyokuwa chini, zaidi ya mita 1,200, ikaharibika. Maji yakapanda mita zaidi ya 300.

III. Mfano wa baba na mwanawe

Upokelewe hapa mfano wa mtu mmoja. Jina lake lisitafutwe, maana waliofanana naye ni wengi.

Mtu huyu alizaliwa katika kambi ya Kipushi. Mgodi uliposimama alikuwa kijana. Akavuka mpaka, akaenda kutafuta maisha katika nchi za kusini. Mwanzoni alituma barua na fedha kidogo. Baadaye akaoa huko, mambo yakawa magumu, naye akaona haya kutuma barua isiyo na fedha ndani. Akanyamaza. Mama yake alikufa. Habari zikamfikia, asiende. Alijiambia: Nitakwenda nikipata. Miaka ikapita 19.

Mwaka 2012 akarudi. Njia za kambi zilijaa majani. Malata ya nyumba yao yalikuwa mekundu kwa kutu, na pembe moja imefunikwa kwa gunia. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, macho yamefifia. Moyo wa mwana ukauma. Lakini badala ya kulia, alikasirika, maana mara nyingi mwenye kosa hutangulia kukasirika.

Akasema: "Baba, kwa nini mlikaa hapa? Mgodi umekufa. Wenye akili waliondoka wote."

Mzee akajibu: "Karibu, mwanangu. Keti kwanza ule. Maneno yatatungoja."

Akaletewa bukari na sombe kutoka kwa jirani, maana kwa mzee hapakupikwa siku ile. Walipokwisha kula, baba akasema: "Umeuliza kwa nini tulikaa. Mimi nilikuwa mtu wa pampu. Tungaliondoka sote, maji yangalijaa katika mwaka ule ule."

"Lakini, baba, pampu imeharibika, na maji yamejaa. Kazi yako yote imepotea."

"Haikuharibika katika zamu yangu," mzee akasema. "Mtu hulinda zamu yake, kisha humwachia mwingine. Mimi nililinda yangu. Wewe, mwanangu, zamu yako uliilinda?"

Mwana hakupata jibu. Kumbe, alikuja kuhukumu, naye amehukumiwa kwa neno moja la upole.

Kesho yake baba akamwongoza makaburini. Pale palikuwa na msalaba wa mti, na udongo umetengenezwa vizuri. Mwana akapiga magoti akalia, akamwomba baba yake msamaha. Mzee akamwinua, akamwambia: "Mimi nimekwisha kukusamehe. Kamwombe na Mungu. Kisha umwendee jirani yetu, kwa maana yeye ndiye aliyechimba kaburi hili na kutafuta mbao za sanduku, naye pia alikuwa hajapata mshahara."

Mwana akaenda kwa padri akapokea sakramenti ya kitubio. Halafu akaenda kwa jirani, akamtolea fedha alizokuwa nazo. Jirani akazikataa, akasema: "Mbao zile sikuziuza. Kama wataka kulipa, mtunze mzee. Usiku huamka saa ile ya zamu yake, naye hana mtu wa kuongea naye."

Basi mwana akabaki. Hakuweza kuufufua mgodi, wala kuitengeneza barabara. Aliondoa gunia, akapiga bati pembe ile ya nyumba. Akalima bustani nyuma ya kambi. Na usiku, mzee alipoamka, naye aliamka, wakaketi pamoja. Baba aliishi miaka michache tu tena, akafa mikononi mwa mwanawe, amepakwa mafuta matakatifu.

Maji ya Kipushi yalivutwa tena. Mwisho wa mwaka 2013 yalikuwa yameshushwa hata mita 1,150 chini ya ardhi, na mwaka 2024 mgodi ulianza upya kutoa zinki. Mzee hakuiona siku hiyo.

IV. Mambo ya kushika

Kwanza: Hakuna kazi, wala kampani, wala tajiri awezaye kuwa baba wa mtu mahali pa Mungu. Ni haki kushukuru kwa posho na kwa hospitali. Lakini baba anayetegemea bei ya shaba atakufa siku bei ikianguka. Mgodi uliofunguliwa tena nao ni vivyo hivyo, maana mawe ya ardhini yana mwisho. Bwana Yezu ametufundisha kumwita Mungu Baba, naye hachakai. Watu walipokosa Kampani, hawakukosa Baba; na mkono wake ulionekana katika mkono wa jirani aliyechimba kaburi bila mshahara.

Pili: Aliyeondoka asimdharau aliyebaki. Msafiri huona kutu na majani tu. Haoni pampu inayofanya kazi gizani. Katika kila kijiji wapo watu wa namna hiyo: mama mzee anayefagia kanisa, mwalimu wa dini anayefundisha watoto watatu kama kwamba ni mia, bibi anayelea yatima. Mtu asiulize upesi: Wamefanya nini hawa miaka yote? Na aulize: Maji yangefika wapi, kama wasingekuwapo? Tena roho ya mkatekumeni ni kama shimo lile. Dhambi haiingii kwa kishindo. Hupanda polepole, kipimo kwa kipimo, siku mtu anapoacha sala ya asubuhi, kisha ya jioni. Asiyevuta kila siku, ataamka siku moja amezama.

Tatu: Afadhali kurudi mikono mitupu kuliko kutorudi. Wengi walio mbali hawazuiwi na ugumu wa moyo, bali na haya. Wanangoja wapate baiskeli, wapate nguo, wapate fedha. Nao wakingoja, wazee wanakufa. Yule mwana mpotevu wa Injili hakuwa hata na viatu, na baba yake alimkimbilia. Wahenga walisema: Mkataa kwao mtumwa. Anayekataa kwao kwa sababu ya umaskini amekuwa mtumwa wa fedha.

Nne: Mkatekumeni asijifiche nyuma ya dini. Wapo wanaosema: Baba yangu hakubatizwa, hushika mambo ya kale, sina deni kwake. Hiyo si kweli. Mungu hakusema tuwaheshimu wazazi waliobatizwa tu. Bwana Yezu aliwakemea Mafarisayo waliofundisha kwamba mtu akiitoa mali yake kuwa sadaka ya Mungu, basi asiwasaidie wazazi wake. Asifuate mila iliyo kinyume cha Injili; lakini chakula, nguo, dawa, neno la upole, hivyo ni haki ya mzazi hata kama ni mpagani. Tena mzee aliyeachwa peke yake husingiziwa uchawi upesi. Mtoto aketiye karibu naye humlinda na uovu huo.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni afikiri habari za mtu mmoja aliyemwacha nyuma: baba, mama, shangazi, au mzee aliyemlea. Kama anaweza kufika, aende kabla ya Jumapili. Kama hawezi, atume salamu kwa mtu anayekwenda, hata bila zawadi. Akifika asianze kwa kuuliza kwa nini nyumba imeinama. Aketi, ale alichopewa, asikilize. Kisha atafute pembe moja iliyotoboka, aizibe kwa mikono yake.