Mnyama Ni wa Nani?

Rafiki yangu mmoja wa Minnesota alinigawia nyama ya elki, kulungu mkubwa kama farasi, aliyemwinda Montana. Akanung'unika: msitu ule ni mali ya taifa, nao ni wake pia, mbona atozwe zaidi ya mwenyeji?

Shauri kama hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1978. Mwenyeji aliweza kuwinda elki kwa dola 9. Mgeni alilazimika kununua kibali cha jumla cha dola 225. Mgeni alishindwa: kuwinda elki ni burudani, si haki ya msingi.

Nikamtetea mwenyeji, ambaye elki humlia nyasi kavu alizowawekea ng'ombe wake. Akaniuliza: na mwenyeji wa mjini, asiye na hata mbuzi?

Niliendelea kutafuna.