WAZO LA LEO: Hata kwa Miezi Mitatu, Hamia

Umetumwa kikazi Singida, Juni hadi Agosti. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa kipupwe upepo wake haukupi nafasi. Aliyetoka Dar es Salaam na shuka moja hujuta usiku wa kwanza. Wengi hujifungia gesti, wakihesabu siku na kulalamika kwa simu.

Usiishi hivyo. Nunua blanketi na sweta la mtumba, kisha mjue muuza chai na mwenye duka. Jioni tembea hadi Ziwa Singidani au Kindai. Yote yako hapo hapo mjini. Kula ugali kwa kuku wa kienyeji, anayeupa mkoa huu sifa. Waulize wenyeji habari za alizeti, na ukirudi kwenu beba dumu la mafuta yake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa, liombe mwenyewe. Posho itaisha, lakini uliofahamiana nao watabaki kuwa watu wako. Leo jioni, kabla ya kuhesabu siku zilizosalia, msalimie jirani wa chumba cha pili.