Nesi na Mawingu

Hivi, ndugu msomaji, mwanafunzi wa unesi ana haja gani ya kufundishwa mabadiliko ya tabianchi? Wapo wasemao huko ni kumpotezea muda. Dripu anaweza kuitundika. Mawingu je, atayapanga?

Lakini jambo lenyewe si geni. Mwaka 1859 Florence Nightingale, katika kitabu chake Notes on Nursing, alitaja mahitaji ya nyumba yenye afya: hewa safi, maji safi, mifereji inayopitisha, usafi na mwanga. Hakuanza na sindano.

Tuje kwetu Dar es Salaam. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakafa, nyumba zikabomoka. Maji yakipanda namna ile, choo cha shimo na kisima huwa kitu kimoja, na kipindupindu hupata njia. Tena dunia ikizidi kupata joto, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa.

Sasa mama anafika zahanati na mtoto aliyelegea, macho yamezama. Nesi asiyejua hayo anafoka: "Huchemshi maji, eh? Watu wa bondeni wachafu sana nyie!" Jamani, mkaa mkavu angeutoa wapi, naye kalala juu ya meza na wanawe?

Kwangu mimi, hapo ndipo penye swali. Somo hili si la mawingu tu, ni la haki: nani alaumiwe? Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Fungu la mama yule utalipima kwa mizani gani?

Utaniambia, basi kila mtu apate kisingizio! Hapana. Mtaro uliojaa taka haukuzibwa na jua. Nesi aliyefundishwa vizuri atatofautisha: hili la mvua, hili la halmashauri, na hili langu mwenyewe, kuhakikisha pakiti za ORS zimo kabatini kabla ya masika.

Kweli, mvua hawezi kuizuia. Ulimi wake anaweza. Maana mgonjwa aliyefokewa leo, siku nyingine atajikalia nyumbani, na kipindupindu kinaweza kuua mtu kwa saa chache tu.